Kushuka Kaymoor: Siku ya Kiangazi Katika Korongo la Mto New

Anayepanda mlima hulipa kwanza kisha akastarehe. Anayeshuka korongoni hustarehe kwa mkopo. Asubuhi kuna ubaridi, miguu ni mipya, chupa za maji zimejaa, na njia yote inateremka. Deni hulipwa mchana, jua likiwa la utosi, maji yamepungua na magoti yameanza kulalamika. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wengi walioniuliza habari za matembezi haya waliuliza kwanza kuhusu urefu wa njia, na nilipowajibu kwamba ni takriban maili moja tu, yaani kama kilomita moja na nusu, kutoka juu hadi chini, walicheka. Huko Kaymoor, mji wa mgodi wa makaa ya mawe ulioachwa korongoni, urefu wa njia haukwambii lolote. Kinachokupa habari ni wima wake.

Korongo la Mto New liko kusini mwa jimbo la West Virginia, nchini Marekani, karibu na mji mdogo wa Fayetteville. Mto wenyewe unaanzia katika milima ya North Carolina, unapita Virginia, kisha unaelekea kaskazini na kuikata safu ya Appalachia badala ya kuizunguka, hadi unapokutana na Mto Gauley kwenye mji wa Gauley Bridge na kuzaa Mto Kanawha. Wanajiolojia wanauhesabu miongoni mwa mito mikongwe zaidi ya Amerika ya Kaskazini. Mto uliokata mwamba kwa muda mrefu kiasi hicho umeacha kuta ndefu za mawe ya mchanga zilizosimama juu ya misitu, na chini ya mawe hayo, katikati ya mteremko, umefunua matabaka ya makaa ya mawe. Hapo ndipo historia yote ya mahali hapa inapoanzia: mto ulifanya kazi ya kuchimba, na binadamu akaja kuchukua kilichokuwa wazi.

Tulikwenda mwezi wa Julai, mimi, mke wangu na shemeji yangu, kaka yake, ambaye hupenda magari kuliko miguu na ambaye alikubali kuja baada ya kuahidiwa kwamba kuna reli. Kabla ya kushuka tulipita kwenye kituo cha wageni cha Canyon Rim, upande wa kaskazini wa daraja kubwa la barabara linalovuka korongo, kwa sababu ni vizuri mtu aone ukubwa wa korongo kutoka juu kabla hajazama ndani yake. Daraja lenyewe ni kivutio cha watu wengi. Lilifunguliwa tarehe 22 Oktoba 1977, tao lake la chuma lina urefu wa mita 518 kutoka upande hadi upande, na barabara inapita mita 267 juu ya maji. Kabla ya hapo, dereva aliyetaka kuvuka alishuka kwa kona nyembamba hadi mtoni, akavuka daraja dogo, akapanda upande wa pili, safari ya dakika kama 40; sasa anavuka kwa chini ya dakika moja na pengine hajui kwamba chini yake kulikuwa na miji. Kwa miaka mingi lilikuwa tao refu kuliko yote duniani, hadi Wachina walipofungua Daraja la Lupu mjini Shanghai mwaka 2003. Shemeji alilitazama kwa muda mrefu, akapiga picha nyingi, akauliza kama hatuwezi kuishia hapo.

Korongo hili lilianza kulindwa na serikali kuu mwaka 1978, na mwishoni mwa Desemba 2020 likapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa kamili. Hakuna kiingilio. Hiyo ni neema, lakini pia ina maana kwamba hakuna mtu getini wa kukutazama viatu na kukuuliza una maji kiasi gani. Kila mmoja anajisimamia mwenyewe.

Njia inayoitwa Kaymoor Miners Trail inaanzia juu, mahali palipoitwa Kaymoor Top, na inashuka mara moja kwa kona kali, kulia kisha kushoto kisha kulia tena, mtu akishika miti na mawe. Katika dakika za mwanzo unaingia kwenye kivuli kizito. Juu yako kuna ukuta wa mawe ya mchanga yenye kwatzi nyingi, magumu mno, ambayo wapanda miamba huyasafiria kutoka mbali. Maji yanachuruzika kwenye nyufa zake hata kiangazi, na pale yanapoangukia mawe hujaa kuvu na mimea ya jamii ya kangaga. Rododendroni za huku hukua kama vichaka virefu kuliko mtu, na mwanzoni mwa Julai baadhi yake zilikuwa bado na maua meupe yenye dalili ya waridi. Joto la West Virginia wakati huo si la kutisha kwa takwimu, nyuzi zinakaribia 30 hivi, lakini ni joto lenye unyevu, na kadiri unavyoshuka ndivyo upepo unavyokatika na shati linavyoganda mgongoni.

Mtu anaweza kupita hapo akidhani yuko katika msitu ambao haujawahi kuguswa. Mimi mwenyewe ningeamini hivyo kama nisingekuwa nimeona picha za zamani za mteremko huu zilizopigwa wakati mgodi unafanya kazi. Katika picha hizo hakuna msitu. Kuna visiki, nyumba za mbao zilizopangwa kwa ngazi, moshi, na mlima uliokwanguliwa, kwa sababu mbao zilihitajika kwa nyumba, kwa reli na kwa nguzo za kushikilia dari ya mgodi. Miti yote mirefu inayotutilia kivuli leo imeota baadaye. Nadhani hili ni jambo la kuhifadhiwa akilini muda wote mtu anapotembea Kaymoor: kijani hiki ni kigeni kuliko kutu.

Karibu katikati ya mteremko njia inatua kwenye kitako cha tambarare kilichochongwa ubavuni mwa mlima, zaidi ya mita 150 juu ya mto. Hapa ndipo ulipokuwa mgodi wenyewe. Watu wengi hutarajia mgodi uwe shimo la kwenda chini. Huu uliingia mlimani kwa ulalo, ukilifuata tabaka la makaa linaloitwa Sewell mahali mto ulipolifunua. Midomo ya mgodi bado ipo, imejengewa kwa mawe, na imefungwa kwa nondo nene zilizolazwa kwa nafasi zinazomruhusu popo kupita na kumzuia mtu. Wasomaji wenye udadisi wa kupenya wajue kwamba vyuma hivyo havikuwekwa kwa ubishi. Ndani ya mgodi ulioachwa hewa inaweza kuwa haina oksijeni ya kutosha, haina harufu, haina rangi, na mtu huanguka kabla hajajua kwamba kuna tatizo. Ukisimama mbele ya mdomo huo saa tano asubuhi ya Julai, pumzi ya baridi inakupiga miguuni kama mtu amefungua jokofu, na ni rahisi kabisa kuelewa kwa nini mtu mwenye joto angetaka kusogea zaidi.

Kwenye kitako hicho kuna mabaki mengi: kuta za jengo la kuwekea taa za wachimbaji, ghala la baruti lililojengwa pembeni kwa sababu zilizo wazi, vipande vya reli nyembamba, magurudumu, na vyuma vikubwa ambavyo kazi yake nilishindwa kuibaini. Kuna pia bango la zamani la kampuni, linalowakumbusha wachimbaji kwamba familia zao zinataka wafanye kazi kwa usalama. Nilisimama mbele ya bango hilo muda mrefu kuliko mbele ya kitu kingine chochote. Lina ujanja wake. Usalama wa dari, wa hewa na wa mabehewa ulikuwa mikononi mwa aliyeumiliki mgodi, lakini bango linamwelekea mchimbaji na kumwachia yeye mzigo, tena kwa kumtajia mkewe na watoto. Mwaka 1900, Kaymoor ikiwa bado changa, mlipuko katika mgodi wa Red Ash, ndani ya korongo hilihili, uliua watu 46. Wote hao walikuwa na familia zilizotaka warudi.

Historia ya Kaymoor inaeleweka vizuri zaidi ukianza na reli. Watu walijua tangu zamani kwamba korongo lina makaa, lakini hapakuwa na namna ya kuyatoa. Mwaka 1873 kampuni ya Chesapeake and Ohio ilikamilisha njia yake kupitia korongoni, kwa jasho la maelfu ya vibarua, wengi wao Waafrika-Wamarekani waliokuwa wametoka utumwani miaka michache tu kabla. Mara reli ilipopita, miji ya migodi ilichipuka kando ya mto mmoja baada ya mwingine. Kampuni ya chuma ya Low Moor, ya jimbo la Virginia, ilihitaji mafuta ya matanuri yake ya kuyeyushia chuma, ikanunua ardhi hapa, na ikamtuma mtu wake aitwaye James Kay kujenga mji. Jina lake na la kampuni yakaunganishwa. Kaymoor ikawa na sehemu mbili: Kaymoor Top juu ya korongo na Kaymoor Bottom kando ya mto, na katikati yake, kwenye hiki kitako tulichosimama, mgodi. Behewa lililovutwa kwa kamba ya chuma lilipanda na kushuka mteremko likibeba watu, unga, samani, wagonjwa na pengine majeneza. Mchimbaji wa Kaymoor hakuwa mjinga wa kupanda mlima huu kwa miguu kama alikuwa na njia nyingine. Hilo tumelifanya starehe sisi.

Baada ya mgodi zinaanza ngazi. Kibao kinatangaza idadi yake bila aibu: vipandio 821 hadi chini. Vimejengwa kwa mbao, vingine vimelegea kidogo, vingine vina utelezi wa majani yaliyooza, na vinashuka karibu wima kufuata njia ambayo mitambo ilitumia kuteremshia makaa. Ushauri wangu ni kushuka polepole kuliko unavyodhani inafaa, kwa sababu magoti hayalalamiki papo hapo, yanaandika kwanza.

Shemeji alisoma kibao, akanigeukia.

"Shemeji, hizi ngazi zinahesabiwa kwenda tu, au kwenda na kurudi?"

"Kwenda tu, shemeji."

"Basi reli yenu iwe ya dhahabu."

Mke wangu alikuwa ameshashuka vipandio hamsini mbele yetu na hakutaka kusikia hoja za mtu yeyote.

Chini ya ngazi kuna kile ambacho wageni wengi hawakifikii, kwa kuwa huishia kwenye mgodi na kugeuka, na kwa maoni yangu wanakosa sehemu iliyo bora. Hapa palikuwa na kiwanda cha kuchambulia makaa na kupakilia mabehewa, na kando yake safu ndefu za matanuri ya koki, yaani ya kuokea makaa yawe mafuta ya kuyeyushia chuma, ambayo wakati wa neema yalifikia 202. Sehemu kubwa imemezwa na miti, lakini ukiingia kidogo ndani ya vichaka, kwa tahadhari ambazo nitazitaja, unakutana nayo: ukuta wa mawe yaliyochongwa, na ndani ya ukuta matao ya milango, moja baada ya jingine, yakififia kijanini.

Niliinama mbele ya mojawapo. Mlango wake unafika kiunoni, umezungushiwa mawe yaliyopangwa kwa ustadi ambao fundi wa leo angeuonea fahari. Ndani ni kuba la matofali, lina tundu la duara juu, na matofali yaliyo karibu na tundu yameungua hadi yakang'aa na kuwa kama kioo chenye rangi ya kahawia na kijani. Makaa yalimwagwa kutokea juu kwa lile tundu, yakasawazishwa, kisha mlango ukazibwa kwa matofali na udongo, ukaachwa upenyo mdogo tu wa hewa. Joto la tanuri lililobaki kutoka mzigo uliotangulia liliwasha mzigo mpya. Kwa siku mbili au tatu makaa yaliungua bila hewa ya kutosha, gesi zake zikatoka na kuteketea, kikabaki kaboni kigumu chenye vinyweleo, ndicho koki. Kisha mtu aliuvunja mlango, akamwagia maji, akakivuta nje kwa reki ndefu ya chuma, uso wake ukiwa mbele ya tundu la moto. Kazi hiyo ilifanyika usiku na mchana, kiangazi hikihiki, katika joto hilihili ambalo mimi nilikuwa nalilalamikia nikiwa na kofia na maji ya limau. Sakafuni mwa tanuri kulikuwa na vipande vidogo vya koki vya rangi ya kijivu, vyepesi, vikwaruzavyo mkononi. Nilikiokota kimoja, nikakitazama, nikakirudisha palepale. Sheria za hifadhi za taifa haziruhusu kuondoa kitu, na hata kama zingeruhusu, magofu yanayotembelewa na watu wengi huisha kwa kuchukuliwa kidogo kidogo.

Koki cha Kaymoor kilikwenda Virginia kuyeyusha chuma. Matanuri yalizimwa katika miaka ya 1930, lakini makaa yaliendelea kutoka. Mwaka 1925 mgodi uliuzwa kwa kampuni kubwa zaidi iliyokuwa ya akina Berwind, wafanyabiashara wa makaa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia treni zilianza kutumia dizeli, nyumba zikageukia mafuta na gesi, na tabaka lenyewe lilikuwa limechimbwa sana. Watu wa Kaymoor Bottom waliondoka katika miaka ya 1950, na mwaka 1962 mgodi ulifungwa, ukiwa umetoa zaidi ya tani milioni 16.

Zaidi ya tani milioni 16. Hesabu hiyo ipo kwa sababu makaa yalipimwa; kila behewa lilikuwa na uzito wake na namba yake. Ukitafuta hesabu ya watu mambo huwa magumu. Nyumba zao zilikuwa za mbao na za kampuni, kwa hiyo hazikudumu, na kilichobaki ni misingi ya mawe ambayo inahitaji jicho lililozoea kuitambua. Mitambo na matanuri vilijengwa kwa chuma na jiwe kwa kuwa vilitarajiwa kuzaa faida miaka mingi. Matokeo yake ni kwamba magofu haya yanatoa ushahidi wa upande mmoja: yanaeleza vizuri sana jinsi makaa yalivyosafiri kutoka mlimani hadi behewani, na hayasemi karibu lolote kuhusu mahali mtu alipolala.

Tunachojua kutoka kwenye kumbukumbu zilizoandikwa ni kwamba mji wa namna hii ulikuwa mali ya kampuni kuanzia kanisa hadi choo. Mchimbaji alilipwa kwa kiasi alichopakia na si kwa saa alizokaa gizani. Sehemu ya malipo yake aliweza kuichukua mapema kwa sarafu za kampuni, vipande vya chuma vyenye jina la mgodi, ambavyo vilikubaliwa katika duka la kampuni na pengine popote palipokuwa na mtu tayari kuvinunua kwa hasara ya mwenye navyo. Weusi waliotoka Virginia na majimbo mengine ya kusini, Wazungu wa milimani na wahamiaji kutoka Ulaya walichimba pamoja, kwa sababu tabaka la makaa halina ubaguzi, lakini jioni walirudi kwenye mitaa iliyotengwa. Katiba ya West Virginia ya mwaka 1872 ilikataza watoto weusi na weupe kufundishwa katika shule moja, kwa hiyo hata mji mdogo wenye nafasi ya shida kati ya mlima na mto ulilazimika kutafuta mahali pa kujenga shule mbili. Chama cha wachimbaji kilipigana muda mrefu na walinzi wa makampuni katika jimbo hili kabla ya kutambuliwa kwa upana mwaka 1933, sheria za serikali kuu zilipobadilika.

Na kuna habari moja ambayo, kwangu, ndiyo iliyofanya nitamani kuja katika korongo hili kuliko makorongo mengine yenye mandhari nzuri zaidi. Maili chache juu ya mto, ng'ambo ya pili, kuna magofu ya mji mwingine wa mgodi, Nuttallburg, ulioanzishwa na Mwingereza John Nuttall reli ilipokuwa inaingia. Henry Ford aliukodi katika miaka ya 1920 ili makaa yake yaende kwenye viwanda vyake vya chuma, na mtambo wake mrefu wa kuteremshia makaa bado umesimama mteremkoni. Vibao na vitabu vya watalii hupenda kumtaja Ford. Lakini miaka ya 1890, kabla ya Ford, kijana mmoja mweusi aliyezaliwa mwaka 1875 na wazazi waliowahi kuwa watumwa alikuja Nuttallburg kuchimba makaa ili apate fedha za kujisomesha. Jina lake lilikuwa Carter G. Woodson.

Woodson mwenyewe alieleza baadaye kwamba katika mji huo alikuwako mchimbaji mwenzake, Oliver Jones, mkongwe wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, ambaye alikuwa amegeuza nyumba yake kuwa mahali pa wachimbaji weusi kukutana jioni, kula matunda na aiskrimu, na kuzungumza. Jones hakujua kusoma. Alikuwa na vitabu na magazeti, alikuwa na hamu ya kujua yaliyomo, na alipogundua kwamba Woodson anasoma, walipatana: kijana atawasomea magazeti, na chakula atakula bure. Kwa hiyo baada ya siku nzima ya kupakia makaa, Woodson aliketi akawasomea wanaume waliokuwa wamepigana vitani kuhusu siasa, ushuru, fedha na historia, na wao wakamkatiza, wakamsahihisha, wakamweleza yale waliyoyaona kwa macho yao na ambayo hayakuandikwa. Mwaka 1912 kijana huyo alipata shahada ya uzamivu katika historia kutoka Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1915 alianzisha jumuiya ya kuchunguza maisha na historia ya watu weusi, na mwaka 1926 akaanzisha juma la historia ya weusi, ambalo baadaye limekua na kuwa mwezi mzima wa Februari.

Hakuna jiwe la nyumba ya Oliver Jones ambalo mtu anaweza kukuonyesha kwa kidole kwa uhakika, lakini bila nyumba ile sidhani kama tungekuwa na Woodson huyu tunayemjua. Nilikuwa nimewaeleza wenzangu habari hii tukiwa tumekaa kwenye kivuli karibu na matanuri, tukila mayai na mikate, na nilipomaliza shemeji aliuliza swali ambalo sikulitarajia: wale waliokuwa wakimsikiliza, walisomewa magazeti yapi? Kwa kadiri alivyoandika Woodson, yalikuwa ya weusi na ya weupe pia, kwa sababu Jones alitaka kujua pande zote mbili zinasema nini. Shemeji alitafakari kidogo, akasema huyo mzee alikuwa na akili kuliko sisi wa simu. Sikuwa na pingamizi.

Mto ulikuwa umbali mfupi tu kutoka hapo, ng'ambo ya reli. Ahadi yangu ya reli ilitimia bila mimi kufanya lolote: tulisikia mngurumo kabla ya kuona kitu, kisha treni ndefu ya mizigo ikapita taratibu, behewa baada ya behewa, na mlio wake ukagonga kuta mbili za korongo ukarudi. Reli hii ni hai, haivukwi ovyo, na kutembea juu yake ni kosa kisheria na ni ujinga. Kuhusu mto wenyewe, utazame tu. Kwa juu unaonekana kama maji ya kijani yasiyo na haraka, lakini sehemu hii ya chini ya korongo ina maporomoko ambayo waendesha mitumbwi ya mpira huyalipia, na chini ya miamba yake kuna mapango ya maji yanayoweza kumnasa hata mwogeleaji hodari.

Tahadhari nyingine ni za nchi kavu. Kuna nyoka wenye sumu ambao hupenda kuota jua kwenye mawe yaleyale ya magofu tunayotaka kuyagusa. Angalia kabla ya kuweka mkono, na usirukie gogo bila kuona upande wa pili. Kuna mmea mtambazi wenye majani matatu matatu ambao mafuta yake huwasha ngozi kwa siku kadhaa, na umetanda matanurini kwa wingi. Kupe wapo. Suruali ndefu, hata katika joto, ni uamuzi bora kuliko kaptura, na jioni mtu ajikague mwili mzima bila haya.

Saa saba na nusu tulianza kupanda. Sitayasema mengi kuhusu vipandio 821, kwa kuwa kila mtu huvipanda kwa dini yake. Mke wangu alivihesabu kimoja kimoja. Shemeji alikataza mtu yeyote kutaja namba mbele yake. Mimi nilipanda ishirini na kupumzika, ishirini na kupumzika, nikigundua kwamba kupumzika ukiwa umesimama juu ya ngazi nyembamba ni nusu pumziko. Tulikutana na familia inayoshuka ikiwa na chupa moja ya maji kwa watu wanne, watoto wakiwa na viatu vya wazi, na tukawaomba waishie kwenye mgodi. Walitusikiliza kwa adabu, na sijui kama walitutii. Kwenye kitako cha mgodi tulikaa tena mbele ya ule mdomo unaotoa baridi, umbali wa kistaarabu, tukamaliza maji yetu ya akiba kabla ya zile kona za mwisho, ambazo ni fupi kuliko ngazi lakini zinamkuta mtu akiwa amekwisha.

Kwa mwenye nia ya kwenda, mpango wangu ni huu: aanze kabla ya saa mbili asubuhi, abebe angalau lita tatu za maji kwa kila mtu, na ajipe muda wa kupanda ulio mara mbili ya muda wa kushuka. Mwenye magoti mabovu au watoto wadogo aende Nuttallburg badala yake, kwa kuwa huko gari hufika hadi chini kabisa kwa barabara nyembamba, na njia za mjini ni tambarare. Huko matanuri yameondolewa vichaka, mtambo wa Ford unaonekana mzima, na misingi ya nyumba za pande zote mbili, ya weusi na ya weupe, inaweza kutembelewa kwa saa chache. Sisi tutakwenda huko majani yakishapukutika, wakati misingi inaonekana vizuri zaidi, na shemeji ameshakubali, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeendesha.